Tangazo Zuri Ambalo Halikutangaza



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Zegereni. Kwa msomaji asiyepafahamu, Zegereni iko upande wa Visiga, Kibaha, mkoani Pwani, ukiiacha barabara kuu iendayo Morogoro. Nilipokuwa mtoto nilipajua kwa mihogo na mikorosho. Leo ukimtajia mtu jina hilo, anakujibu kwa neno moja: viwanda. Malori yanapita mchana na usiku, vumbi linatua juu ya majani ya mikorosho iliyobaki, na vijana wenzangu wanaingia kazini kwa zamu.

Wiki ya pili ya likizo, katekista wa kigango chetu aliniita baada ya Misa. Wahudumu wa afya walikuwa wamekubali kuja kigangoni kupima watu presha na sukari bila malipo, Jumamosi moja tu, saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Lilitakiwa tangazo la kubandika njiani, dukani na kwenye nyumba za jumuiya ndogo ndogo.

"Frateri, wewe si ndiye fundi wa kuchora?" akaniambia. "Tutengenezee kitu cha kuvutia."

Sikuhitaji kuombwa mara mbili. Nimependa kuchora tangu shule ya msingi, na katika jumuiya yetu ya seminari mimi ndiye ninayetengeneza kadi za daraja na vipeperushi vya sikukuu. Nilikaa na kompyuta usiku mbili. Nilichora mkorosho wenye matunda, chini yake mama amekaa kwenye kigoda amenyoosha mkono, na muuguzi amepiga magoti akimfunga kifaa cha kupimia presha. Nyuma yao jua linazama, rangi ya chungwa iliyokolea. Juu niliandika kwa herufi za mapambo: Afya ni Zawadi ya Mungu. Siku, saa na mahali niliviweka chini upande wa kulia, kwa herufi ndogo za rangi ya chungwa, juu ya lile jua la chungwa, kwa sababu nilipojaribu rangi nyeupe niliona inaharibu picha. Pembeni nikaweka jina langu, kwa wino mweusi.

Katika kundi la WhatsApp la kigango nilipongezwa mpaka nikaona haya. Kisha tangazo likapelekwa steshenari. Kigango hakikuwa na fedha ya kuchapa kwa rangi, na jambo hilo nilipaswa kulijua kabla sijaanza. Nakala arobaini zikatoka nyeusi na nyeupe. Jua likawa kijivu, na maandishi yaliyokuwa juu yake yakawa kijivu kile kile. Jina langu lilisomeka vizuri kabisa.

Jumamosi ile walikuja watu wachache, karibu wote wakiwa wale waliosikia matangazo kanisani Jumapili iliyotangulia. Wazee ambao hawakufika Misa na vijana waliokuwa zamu, yaani wale hasa ambao karatasi ilikusudiwa iwafikie, hatukuwaona. Wahudumu walifunga mizigo yao mapema.

Jumanne nilipita kwa mama mmoja jirani yetu anayeuza vitumbua kando ya barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Frateri wetu. Karibu ndani uone."

Akanionyesha ukuta wa sebule. Lile tangazo alikuwa amelibandika karibu na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu.

"Picha yako nzuri, mwanangu. Huyo mama kama mimi vile. Hivi, wale wapimaji wanakuja lini?"

Walikuwa wamekuja siku tatu kabla. Wiki iliyofuata mama yule alishikwa na kizunguzungu mbele ya jiko lake la vitumbua, akaanguka. Alipofikishwa zahanati, presha ilikutwa juu sana. Namshukuru Mungu, sasa anatumia dawa na amerudi kwenye biashara yake. Sisemi kwamba tangazo langu ndilo lililompandisha presha. Nasema tu kwamba siku ile iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye, na mimi nilisimama katikati nikamziba.

Nimerudi seminarini na swali hilo. Katika mantiki tunafundishwa kwamba kufasili kitu ni kutaja jenasi yake, kisha tofauti mahususi inayokitenga na ndugu zake: mtu ni mnyama, na tofauti yake ni akili. Nikajiuliza: ile kazi niliyoombwa ilikuwa kazi gani? Jina lake la kisasa, usanifu wa grafiki, si la zamani. Kwa kawaida hutajwa Mmarekani William Addison Dwiggins, msanifu wa vitabu na herufi, aliyelitumia katika makala ya mwaka 1922. Lakini kuwa na jina si kuwa na fasili. Kazi hii ina majirani wawili, sanaa na mawasiliano, na mipaka yao haina uzio.

Nianze na mawasiliano, maana hapo njia ni fupi. Mwenyekiti wa kigango anaposimama baada ya komunyo na kusoma matangazo, anawasiliana, lakini hasanifu grafiki. Kengele ya Malaika wa Bwana inawasiliana. Hata mama muuza vitumbua anapofunua ungo wake anawasiliana. Mawasiliano basi ndiyo jenasi, nyumba kubwa yenye vyumba vingi. Usanifu wa grafiki ni chumba kimojawapo: ujumbe unaopitia machoni kwa kupangwa maandishi, picha, rangi na nafasi tupu juu ya eneo moja.

Mpaka na sanaa ndio ulionitesa. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anatoa mfano wa msumeno. Fundi anayetaka msumeno wa kukatia huutengeneza kwa chuma. Hautengenezi kwa kioo, ingawa kioo ni kizuri zaidi, kwa sababu uzuri huo ungekuwa kizuizi kwa lengo la msumeno. Niliposoma mahali hapo nilifunga kitabu. Mimi nilikuwa nimewapelekea watu wa Zegereni msumeno wa kioo.

Hata hivyo, Thomas haniruhusu kukimbilia jibu rahisi kwamba sanaa ni uzuri na usanifu ni manufaa. Kwake yeye sanaa ni akili nyoofu katika mambo ya kutengenezwa, na humo wamo seremala, mjenzi wa meli na mchonga sanamu pamoja. Tena sanaa nayo hufundisha. Takriban mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimwonya Serenus, Askofu wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha kanisani: picha huwafaa wasiojua kusoma kama maandishi yanavyowafaa wasomaji. Kama picha ya kanisani inafundisha na tangazo linafundisha, tofauti iko wapi?

Nimeipata tofauti mbele ya Njia ya Msalaba. Watu kumi wakisimama mbele ya Kituo cha Nne, Yesu anapokutana na Mama yake, kila mmoja anaweza kuondoka na neno lake. Mjane ataona jambo moja, kijana aliyegombana na mama yake ataona jingine. Picha haijashindwa, imefanya kazi yake mara kumi. Watu kumi wakisoma tangazo langu na kuondoka na tarehe kumi, tangazo limeshindwa. Picha takatifu inamwalika mtazamaji akae, na mwakani atarudi tena. Tangazo linataka aondoke akafanye jambo, na baada ya Jumamosi halina kazi tena. Mama jirani yangu aliliweka ukutani kando ya Moyo Mtakatifu kwa sababu nilikuwa nimempa kitu cha kutazama. Aliniamini. Alilipokea kama nilivyolitengeneza, na si kama nilivyoagizwa.

Lugha yetu nayo inadokeza kitu. Sanaa na usanifu yanasikika kama mtu na dada yake, lakini katika Kiarabu yametoka kwenye mizizi miwili. Sanaa inatokana na kutengeneza, na kutoka mzizi huo huo Waarabu wamepata neno lao la viwanda. Sanifu inatokana na kupanga vitu kwa aina zake, kutunga kwa utaratibu. Msanifu basi ni mtu wa kupanga: kipi kitangulie, kipi kifuate, kipi kionekane kutoka mbali na kipi kisubiri mtu akaribie. Mimi nilitengeneza vizuri. Kupanga sikupanga.

Naweza sasa kujaribu fasili. Usanifu wa grafiki ni mawasiliano yanayofanywa kwa kupanga maandishi, picha, rangi na nafasi, ukiwa na ujumbe ambao mara nyingi si wako, kwa watu unaowajua au unaopaswa kuwajua, ili waelewe jambo lile lile na waweze kutenda.

Fasili ni lazima ijaribiwe. Nimeijaribu kwa kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Imepangwa kwa utaratibu mkali kuliko mabango mengi. Lakini ujumbe wake ni wa nani? Aliyeichora hamjui atakayeivaa, wala jirani atakayeisoma na kununa. Mama anayechagua jina dukani ndiye anayelifanya liwe neno lake. Hapa fasili yangu inayumba, na naiacha iyumbe. Kanga imesanifiwa, kisha aliyeivaa anaimalizia. Pengine ndiyo maana inadumu kuliko tangazo.

Nimeijaribu pia kwa Nembo ya Taifa. Mwanamume na mwanamke wanashika ngao, chini yao Mlima Kilimanjaro, karafuu na pamba miguuni, Uhuru na Umoja kwenye utepe. Kila mtoto wa shule ameiona, na kila kitu ndani yake kina kazi ya kusema. Saini haimo. Mwaka 2017 alipofariki Mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu kama Ngosha, wengi walimlilia kama mchoraji wa Nembo, na wengine wakataja majina mengine. Mchoro unaojulikana na taifa zima ulikuwa unabishaniwa mchoraji wake. Mambo mawili yalinigusa. Kwanza, msanifu mzuri anaweza kutoweka ndani ya kazi yake, na kazi ikabaki ya watu wote. Pili, kutoweka huko si ruhusa ya kumsahau. Mzee Ngosha alimaliza siku zake katika dhiki. Nasi parokiani tuna tabia ya kumwambia kijana mwenye kompyuta, "Tufanyie kwa sifa na utukufu wa Mungu," bila hata nauli ya kwenda steshenari. Unyenyekevu ni fadhila ya fundi. Haki ni deni la aliyemwagiza.

Kanisa limeyatazama mambo haya mawili kwa pamoja kuliko nilivyodhani. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza hati zake mbili za kwanza. Moja, Sacrosanctum Concilium, inahusu Liturujia na ina sura nzima juu ya sanaa takatifu. Nyingine, Inter Mirifica, inahusu vyombo vya upashanaji habari. Siku moja, hati mbili. Tangazo la kigango limekaa katikati yake: limebandikwa kwenye mlango wa kanisa, nusu linatazama altare na nusu linatazama barabara.

Siku moja kabla ya kurudi seminarini nilipita karibu na shule, pale malori yanapokata kona. Kuna kibao cha bati kilichopigwa rangi nyeupe, na fundi wa maandishi, ambaye hakuweka jina lake, ameandika kwa rangi nyeusi: PUNGUZA MWENDO WATOTO WANAVUKA. Herufi hazilingani. Neno la mwisho limebanwa kwa sababu nafasi ilimwishia. Nilisimama pale kama robo saa. Lori la kwanza likapunguza mwendo, la pili likapunguza, la tatu halikupunguza, la nne likapunguza. Hakuna dereva aliyesimama kukisifia.

Nilirudi nyumbani nikatengeneza tangazo jingine, maana wahudumu wameahidi kuja tena. Safari hii nilimpelekea kwanza mama muuza vitumbua, nikamwomba asome akiwa amesimama hatua tano mbali. Alikunja uso, akasoma siku, akasoma saa, akasoma mahali. Kisha akaniuliza mkorosho umekwenda wapi.

Nikamwambia nimeuondoa ili maandishi yapate nafasi.

"Uurudishe hata mdogo, pale juu," akasema. "Kitu kisicho na uzuri hatukitazami."

Nikaurudisha, mdogo, pale juu. Jina langu sikulirudisha.