Mungu Alinitoa Riyadh

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Kairuri, Manyatta, kaunti ya Embu. Mwaka wa 2018 kahawa haikulipa, na karo ilikuwa imerundikana. Ajenti akaniahidi riyali 900 kwa mwezi kwa kazi ya nyumbani Saudia. Mama akaniombea, nikapanda ndege.

Siku niliyofika Riyadh, madam, mwajiri wangu, alichukua pasipoti yangu. Kwa utaratibu wa kafala, bila ruhusa yake singeweza kuhama kazi wala kutoka nchini. Mshahara ulikuja mwanzoni, kisha ukakatika. Nilipouliza, akaniambia amekwisha kuninunua.

Usiku mmoja alinimwagia chai ya moto begani. Alfajiri, nikipeleka taka nje, nilikimbia. Leso kichwani, ndala miguuni.

Nilienda polisi kuomba msaada. Kumbe madam alikuwa ameniripoti kuwa mtoro. Mimi ndiye niliyefungwa.

Chumba kilijaa. Wakenya, Waganda, Waethiopia. Tulilala kwa zamu. Bega lilioza, likanuka. Sikujua ni lini nitatoka. Hakuna aliyejua. Nilitaka kufa. Nasema kweli, nilitaka kufa. Nilijaribu kusali Zaburi ya 23, maneno yakanipotea. Nikabaki nikisema tu, Mungu, Mungu.

Dada mmoja Mganda alikuwa ameficha simu. Nikampata kaka yangu. Mama akauza ng'ombe, kanisa likafanya harambee ya tikiti, kaka akashinda Nairobi akibisha milango ya ofisi. Hatimaye nikapewa hati ya dharura ya kusafiria, na idhini ya kutoka ikapatikana.

Leo nachuma kahawa na watoto wangu wako shuleni. Lakini nikisikia mlango ukifungwa kwa ufunguo, bado natoka jasho.

Mwaka wa 2021 Saudia ililegeza kafala, lakini wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Kwa hivyo ukitaka kwenda, hakikisha kwanza kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kwamba ajenti ana leseni. Achia jamaa zako nakala ya pasipoti, mkataba, na namba ya ajenti.

Nawe dada uliyefungiwa huko sasa, usione haya kuwaambia watu wa nyumbani. Tuma picha ya iqama, yaani kibali chako cha ukaazi, na mahali ulipo, hata kwa simu ya kuazima. Mama yako hatakuuliza pesa ziko wapi. Anachotaka ni wewe urudi.