Zima

"Gari zima?" Baba aliniuliza alfajiri ile pale Mbezi, kabla hata hajafunga mkanda.

"Zima, Baba."

Halikuwa zima. Wiki mbili kabla lilikuwa limechemsha kwenye foleni ya Ubungo, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Mvuke ulitoka pembeni mwa boneti, na vijana wa bodaboda wakanipigia kelele nisimame. Fundi niliyempelekea alisema tatizo ni thamostati. Akaing'oa, akanikabidhi mkononi kama jino bovu, akajaza rejeta maji ya bomba, akachukua hela yake. "Hutachemsha tena, dada." Nilitaka sana kumwamini, kwa hiyo nikamwamini. Kwenye mwendo, mshale wa joto ulikaa chini bila kusogea. Basi, nikaliacha hapo.

Nilikuwa namrudisha Baba Iringa baada ya wiki tatu za kliniki. Moyo wake umetanuka, na madaktari walimpa vidonge kadhaa, vikiwemo vya kupunguza maji mwilini. Baba aliendesha malori kati ya Dar na Tunduma zaidi ya miaka 20, na kwenye malori yale kiyoyozi kilikuwa dirisha. Nilitaka safari hii, angalau moja, aifanye kama bosi: kioo kimepandishwa, upepo baridi unampuliza kifuani, binti yake ndiye anayeshika usukani. Alikaa kushoto kwangu kimya, lakini kila nilipolikaribia lori mguu wake ulikuwa unakanyaga breki ambayo haipo.

Chalinze tukapita, Morogoro tukapita, Mikumi tukapita. Ruaha Mbuyuni joto lilikuwa kali mno, hata wauza vitunguu walikuwa wamejibanza kivulini. Kisha tukaanza kuupanda mlima Kitonga nyuma ya lori lililokuwa likijikokota kwa gia ndogo.

Mshale ukaanza kupanda. Niliuona. Sikusema kitu, nikabaki kuukodolea macho kama mtu anayedhani deni likitazamwa sana litapungua.

"Zima," Baba akasema.

"Nini, Baba?"

"Zima kiyoyozi. Fungulia hita mpaka mwisho. Shusha vioo vyote."

"Na joto lote hili? Moyo wako je?"

"Mwanangu, zima."

Nikazima. Hita ikatupulizia upepo wa moto usoni. Mshale, ambao ulikuwa umebakiza kidogo tu ugonge alama nyekundu, ukasimama, halafu ukarudi nyuma taratibu. Kona ya pili tukapata upenyo wa kuegesha. Nikazima injini, nikatafuta jiwe la kuweka nyuma ya tairi, nikavunja matawi na kuyatandaza barabarani kuwatahadharisha wanaokuja.

Nilipoukaribia mfuniko wa rejeta, Baba akanifokea kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima. Maji yale yamebanwa kwa presha, akasema, kwa hiyo yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua tu, yanachemka yote kwa mpigo na kukurukia usoni. Tungoje.

Tukiwa kivulini akanieleza mambo ambayo sikuwahi kuyauliza. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinalichukua joto la ndani ya gari na kwenda kulitupa mbele, kwenye kondensa, na kondensa imekaa mbele ya rejeta. Kwa hiyo rejeta, ambayo kazi yake ni kupoza injini, inapigwa na hewa ambayo tayari ina moto. Hapo hapo kompresa nayo inazungushwa na injini ile ile, inaiongezea mzigo. Ukiwa kwenye mwendo, upepo wa barabarani unasaidia. Kwenye foleni au mlimani, tegemeo lako ni feni. "Feni ikiwa mbovu, raha yako wewe ndiyo homa ya injini," akasema. Hita inafanya kinyume chake: inachota joto la injini na kuwaletea mlioketi ndani.

"Lilishawahi kuchemsha?" akauliza.

Nikamwambia yote: Ubungo, fundi, thamostati. Hakukasirika. Aliinama kulegeza kamba za viatu, na hapo ndipo nilipoiona miguu yake. Ilikuwa imevimba, soksi zimeacha mifereji juu ya vifundo.

"Baba, vidonge vya maji unameza?"

Akatazama bondeni. "Juzi niliviacha."

"Kwa nini?"

"Vinanikojoza. Ningekusimamisha kila kijiji. Nawe unataka kuwahi kazini keshokutwa."

Nilikosa la kusema. Jana yake tu, nilipomuuliza kama yu mzima, alinijibu "mzima" haraka na kwa uchangamfu, sawasawa na nilivyomjibu mimi kuhusu gari. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu hata kama yuko hoi kitandani, ukimuuliza habari atasema nzuri kwanza, ndipo aongeze "ila" yake. Tatizo letu sisi wawili ni kwamba tulikuwa tumeishia kwenye nzuri. Ila zetu tulikuwa tumezifungia ndani.

Nikamletea chupa ya maji na mkoba wa dawa. Akameza mbele yangu. Injini ilipopoa kabisa, baada ya karibu saa nzima, alifunika mfuniko kwa kitambaa, akaulegeza kidogo kidogo, akajaza maji yaliyopungua. Tukaumaliza mlima vioo vikiwa chini, hita imefunguliwa, jasho likitutiririka kama watu waliotoka kupigana.

Kati ya pale na Iringa tulisimama mara tano. Kila aliposhuka kwenda kichakani, mimi nilifungua boneti. Ilula alirudi kwenye gari na ndoo ndogo ya nyanya.

Kesho yake fundi wa Iringa, rafiki yake wa zamani, aliwasha injini, akawasha kiyoyozi, akatazama feni mbili. Moja ilizunguka, ya pili ikatulia tuli: kaboni za mota zilikuwa zimeisha. Kati ya kondensa na rejeta akatoa tope na wadudu kiganja kizima. Alirudisha thamostati mpya, akamwaga maji ya bomba, akaweka kulanti. Kipimo chenyewe cha feni kilichukua chini ya dakika tano. Ningeweza kukifanya Dar, kama ningekubali kwanza kwamba gari ni bovu.

Siku hizi nikimpigia simu ananijibu "mzima" kama kawaida. Nami sikati, nangoja. Mara nyingi kunakuwa na kimya kidogo, kisha anasema, "Ila miguu jana ilivimba." Halafu anauliza, "Na gari?"

Nami namwambia ukweli.