Sabufa ya Bomba: Iwekwe Wapi Nyumbani?



Leo nataka kusema nawe, ndugu msomaji, juu ya chombo ambacho huenda kimo nyumbani mwako tayari. Na kama hakimo, basi vijana wako wanakitamani. Ni sabufa. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zimepita mahali pengi tulipozoea koroboi, na nyuma ya umeme hufuata televisheni, na nyuma ya televisheni hufuata sabufa. Watu wengi huinunua kwa kutazama taa zake zinavyowaka, kisha huisukumia chini ya meza na kufungulia sauti mpaka kuku wakimbie. Kuchagua namna hiyo si kuchagua.

Nitasema hasa juu ya sabufa ya bomba, yaani ile ya mviringo iliyosimama kama kipande cha mtaro wa maji. Kwetu imeletwa na mtoto wa dada yangu akaaye Marekani, aliyeitia ndani ya kontena pamoja na magodoro. Mama watoto alipoiona mara ya kwanza aliuliza kama yashika maji, maana alikuwa ameomba tangi.

Kwanza ujue kazi yake. Sikio la mtu lasikia mitetemo tangu 20 hivi hata 20,000 kwa sekunde moja. Sabufa hushughulika na ile ya chini kabisa, tangu 20 mpaka 80 au 100 hivi. Ndiyo ngoma kubwa, ndilo gitaa la besi, ndiyo radi ya sinema. Haitamki neno hata moja. Tafadhali shika jambo hili, maana nimeona wana wema wakiwanunulia wazazi wao sabufa ili wasikie taarifa ya habari. Mzee asiyeshika maneno vizuri hatasaidiwa na mdundo. Mdundo ukizidi utayafunika hata yale machache aliyoyapata. Yeye anahitaji spika ndogo nzuri, iwekwe karibu naye, usawa wa masikio.

Lakini kwa sinema sabufa ina haki yake. Mwaka 1974 wenye filamu ya Earthquake walipeleka spika kubwa za mdundo katika majumba ya sinema ya Marekani ili watazamaji waone tetemeko la ardhi kwa miili yao. Siku hizi sauti hiyo nene hupewa njia yake peke yake. Ndiyo maana ya ile 5.1 unayoiona kwenye makasha: njia tano za sauti kamili, na moja ndogo ya mdundo. Filamu ya kwanza kuonyeshwa kwa mtindo huo wa Dolby ilikuwa Batman Returns, mwaka 1992.

Sasa, kwa nini bomba na si kasha? Chukua debe tupu, ulibonyeze ubavuni. Litabonyea, kisha litarudi kwa kelele: pwa! Halafu bonyeza bomba la chuma. Kimya. Ukuta ulio bapa hufura na kuingia ndani hewa inaposukumwa, lakini ukuta wa mviringo husukumwa sawasawa pande zote, basi haupati nafasi ya kutikisika. Kwa hiyo mwenye kutengeneza kasha hana budi kutumia mbao nene na vihimili ndani yake. Mwenye kutengeneza bomba hupata nguvu ile ile kwa uzito mdogo. Tena bomba hula nafasi ndogo sakafuni, kwa kuwa hupanda juu. Letu lina kipenyo cha sentimeta 40 hivi, na urefu wake unapungua kidogo mita moja. Kule Marekani kampuni ya Hsu Research ya California ilijulikana kwa mabomba hayo katika miaka ya 1990, na SVS iliyoanza Ohio mwaka 1998 ikashika njia hiyo hiyo.

Ndani yake hamna uchawi. Spika imetazama chini, sakafuni, na juu kabisa kuna tundu la hewa. Tundu hilo ni lile lile la kibuyu. Puliza juu ya mdomo wa chupa tupu, utasikia sauti nene kuliko chupa yenyewe ilivyo kubwa, kwa sababu hewa ya shingoni hucheza juu ya hewa ya tumboni. Bwana mmoja wa maabara ya Bell aitwaye Thuras alipata hati ya kumiliki ufundi huo kwa spika mwaka 1932. Basi usiweke kitambaa cha kufuma juu ya bomba, wala chungu cha maua, wala picha ya harusi. Na wenye watoto wadogo wafunike kwa wavu mwepesi usiozuia hewa, la sivyo mtatoa punje za mahindi humo kila Jumamosi. Panya nao hupapenda.

Ukienda kununua, usidanganywe na namba. Sabufa ndogo kama ndoo huandikwa wati 5,000 au 10,000 mbele ya kasha lake, na pembeni herufi P.M.P.O. Namba hiyo haina maana yo yote. Igeuze, usome kibandiko cha nyuma panapoingia waya wa umeme. Kama kimeandikwa kwamba yala wati 60, itatoaje elfu kumi? Hata Mama Ntilie hawezi kupakua sahani mia kutoka kilo moja ya mchele. Halafu pima upana wa spika yenyewe. Ile ya inchi 12 ina eneo zaidi ya mara tatu ya ile ya inchi sita na nusu, na hapo ndipo mdundo utokapo: kila ukitaka kushuka kutoka mitetemo 80 hadi 40 kwa ukali ule ule, sharti usukume hewa mara nne zaidi. Ndiyo sababu vyombo vidogo hupiga kelele ya "dumu dumu" ya namna moja tu kwa kila wimbo. Vinafika mahali vinashindwa, basi vinarudia kile wanachokiweza.

Jambo la umeme ni la hatari, nitalisema wazi. Vyombo vya Marekani vingi vimetengenezwa kwa volti 120; wetu ni volti 230. Vingine hukubali umeme wa namna zote mbili, vingine vina swichi nyuma, vingine havina. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka, si baada. Letu lilikuwa la 120 tupu, ikatubidi kununua transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa wati kupita zile zilizoandikwa kwenye bomba.

Tufike kwenye mahali pa kuliweka, maana hapa ndipo penye shauri. Sauti huenda mita 343 hivi kwa sekunde katika hewa ya joto la kawaida. Basi wimbi moja la mitetemo 40 lina urefu wa mita nane na nusu, kupita ukumbi wako wote. Wimbi namna hiyo haliendi kama mshale. Hulijaza chumba, hupiga ukuta, hurudi, hukutana na lijalo. Mahali pengine huongezana, mahali pengine huuana. Katika ukumbi wa mita 5 kwa 4, mitetemo ya 34 na ya 43 hivi huvimba kutani, na katikati ya chumba hufifia kabisa. Ukiweka kiti chako katikati, utadhani chombo kimekufa; mkeo aliyekaa ukutani atalalamika kwamba kinamtoa roho. Nanyi nyote wawili mnasema kweli.

Kona ya chumba huongeza mdundo kuliko mahali pengine po pote, maana kuta mbili na sakafu husukuma pamoja. Mafundi wana njia moja ya kutafuta mahali, nayo haigharimu hata senti. Liweke bomba pale pale mnapokaa, juu ya benchi kama lahimili. Piga wimbo mmoja wenye besi inayokwenda pole pole, kisha uzunguke chumba umeinama, sikio likiwa chini karibu na sakafu. Mahali utakaposikia besi imetulia, kila noti kwa kipimo chake, hapo ndipo liwekwe. Kinachosafiri vizuri kutoka benchi hadi kona husafiri vizuri vile vile kutoka kona hadi benchi. Watoto watacheka kumwona baba anatambaa, waache wacheke.

Kwetu njia hiyo ilionyesha kona ya magharibi. Vijana walishangilia. Lakini ng'ambo ya kona hiyo, hatua 14 na mstari mmoja wa migomba, ndipo alipolala mama wa jirani, aliyepigwa na kiharusi mwaka 2023. Hana usingizi ila wa kuokotaokota. Migomba haizuii mdundo, wala tofali za udongo, wala mlango. Umesikia mwenyewe harusi ya mbali: maneno ya wimbo hayafiki, ngoma yafika. Sauti nyembamba hukatwa na ukuta, nene hupita.

Mama watoto alikataa bomba lisiwashwe jioni ile mpaka tuende kwa jirani kwanza. Tukaenda mchana wa kesho yake. Yeye akaketi kando ya kitanda cha mgonjwa na simu mkononi, na mzee wa nyumba akasimama mlangoni. Mimi na vijana tukabaki kwetu kupiga wimbo ule ule kutoka mahali mbalimbali. Kona ya magharibi: kijiko kikalia ndani ya kikombe cha uji, na mgonjwa, ambaye maneno yake ni machache siku hizi, akasema, "Huyo ameingia." Ukuta wa mashariki: kijiko kikanyamaza, lakini bado aliisikia kifuani. Mzee alikuwa mpole mno. Alisema, "Bwana, ninyi ni vijana wenu, chezeni tu. Nitamhamishia chumba cha jikoni." Neno hilo lilinichoma kuliko kama angegombana nasi, na nikawaambia wanangu kwamba likishindikana, bomba litauzwa Moshi mwisho wa juma.

Kijana wa pili ndiye aliyepata njia. Tulihamisha bomba nyuma ya benchi letu, karibu kabisa, kiasi cha mkono mmoja kutoka migongo yetu. Nje mahali pa wazi, ukikaribia chombo kwa nusu ya umbali, wakisikia kwa desibeli 6 zaidi. Ndani ya chumba si kadiri hiyo, lakini faida ipo. Aliye karibu husikia mengi kwa nguvu kidogo, basi tukashusha kifundo cha sauti mpaka robo. Kule kitandani kijiko kilikaa kimya, na mama watoto akapiga simu kuuliza kwa nini hatujaanza. Tulikuwa tumekwisha maliza wimbo.

Si mahali pazuri kuliko pote. Mkubwa asema utamu umepungua, naye asema kweli. Noti moja ya besi yapotea hapo. Tumepaka alama ya rangi ya kucha pale kifundo kisipopaswa kupita, na saa 3 usiku bomba huzimwa, filamu iishe isiishe.

Mambo madogo ya kumalizia. Sakafu iwe sawa: kama ni ya udongo, weka bapa la saruji chini, maana spika itazamayo chini hupeperusha vumbi. Picha ya Moyo Mtakatifu kwetu ilikuwa ikilia kioo ukutani. Vipande viwili vya kitambaa nyuma ya fremu vimeiponya. Bati likilia, tafuta misumari iliyolegea. Kifundo cha kugawa sauti kiwekwe karibu na 80, kwa sababu juu ya hapo sikio laanza kujua bomba liko wapi. Swichi yenye alama 0 na 180, ijaribu pande zote mbili, ushike ile inayonenepesha besi. Na masikio ya watoto yachungwe: Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba mtu mzima aweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, mtoto 75 tu, na kila zikiongezeka 3 muda hukatwa nusu.

Kama huna jamaa ng'ambo, yako mabomba yaliyotengenezwa kwa magari, yanayouzwa mjini hata yakiwa yametumika. Hayo hutumia volti 12, basi yafaa kwa nyumba zenye umeme wa jua. Bomba la wati 100 likichezwa kwa nguvu zote hunywa amperi 8 na zaidi. Betri nzima ya amperi-saa 100, usipoishusha chini ya nusu, italilisha saa 6, na taa za nyumbani zikiwa zimezimwa.