Barua kutoka Kitengela: Mjomba, Gari Bado

Mjomba,

Nimerudi Kitengela salama, vumbi la Kimana likiwa bado masikioni. Kabla hujanipigia simu nikupe jibu lako: gari la umeme la njia ya Loitokitok, hapana. Pikipiki za umeme za Illasit, ndiyo, ila si tano kwa mpigo, na si kwa hesabu ile uliyonitumia kwenye WhatsApp. Sababu zake ni ndefu, kwa hiyo ngoja zamu yako iishe, uketi, ndipo uendelee kusoma.

Kama biashara ingekuwa ya hapa Kitengela, ningekwambia tuma pesa leo. Huku pikipiki za umeme hazishangazi mtu tena. Kijana anaingia kituoni, anachomoa betri iliyokwisha, anachomeka iliyojaa, analipa kwa M-Pesa na kuondoka kabla abiria wake hajapata la kulalamikia. Kampuni zinazogombania wateja ni nyingi: kuna Ampersand iliyoanzia Kigali, kuna Roam iliyozaliwa Nairobi mwaka 2017 kwa jina la Opibus, kuna Spiro na nyingine ndogondogo. Mabasi nayo yapo, yale ya BasiGo yaliyoanza kubeba watu Nairobi mwaka 2022. Serikali haikukaa kando. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10, na mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya nishati, ikaweka bei maalumu ya stima ya kuchajia: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa za usiku watu wakiwa wamelala, kabla ya kodi na tozo zake. Ukitaka bei hiyo lazima uwe na mita yake peke yake, usiichanganye na ya friji na pasi.

Na stima yenyewe, Mjomba, sehemu kubwa haitokani na mafuta. Ni mvuke wa Olkaria, maji, upepo. Hata Kajiado yetu inachangia: mitambo 60 ya upepo ya Kipeto, megawati 100, inazunguka tangu 2021. Nyaya kubwa zinazotuunganisha na Tanzania zinaanzia Isinya hapo chini, zinapita Namanga kwenda Singida. Kwa hiyo stima inapita kaunti hii mchana na usiku, ingawa ziko boma nyingi tambarareni ambazo huziona nguzo tu, wala hazijawahi kuwasha taa.

Sasa safari. Nilishuka Athi River, nikapanda matatu ya Emali, na pale Emali nikaingia Probox ya Loitokitok. Unazijua. Mbele tulikaa watatu mahali pa wawili, nyuma sikuhesabu, na juu kulikuwa na magodoro. Nilimchokoza dereva tangu mwanzo: je, angekubali gari la umeme? Alicheka hadi akapunguza mwendo.

Halafu akanipigia hesabu, na hakukosea. Emali hadi Loitokitok ni kama kilomita mia moja. Kwenda na kurudi mara moja ni mia mbili, na siku nzuri harudi mara moja tu. Nissan Leaf za zamani, zile za kilowati-saa 24 unazoziona zikiuzwa kwa bei ya kutamanisha, zilipokuwa mpya zilikwenda kama kilomita 130 kwa chaji moja. Hiyo ni mpya, watu wawili na mkoba. Gari likishafanya kazi Japani miaka sita au saba, betri imekwisha kupungua, na betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza kwa maji, kwa hiyo joto la nyanda za Emali halitaionea huruma. Toleo la kilowati-saa 40 linafika kama 240, nalo ni gari zuri kwelikweli kwa mtu wa Kitengela anayefanya kazi Nairobi na kulala kwake kila usiku. Lakini lipakie watu saba na magunia, ulipandishe kutoka Kimana kwenda Loitokitok, uone mshale unavyoshuka. Ni kweli kwamba ukirudi bondeni mota inageuka jenereta na kurudishia betri kiasi, na mzigo mzito wa maharagwe na vitunguu kwa kawaida ndio unaoshuka. Hilo nilimweleza dereva kwa fahari. Akaniuliza, “Na likizima Kimana saa mbili usiku, nitasukumwa na ndovu?”

Sikuwa na jibu. Unajua mwenyewe ndovu wanavyovuka pale kati ya Amboseli na Kimana.

Wewe uko Doha, umeona mabasi ya umeme tangu Kombe la Dunia la 2022, na nadhani ndiyo yaliyokutia hamu. Lakini kumbuka Lusail ilijengewa depo nzima ya kuchajia kabla mashabiki hawajatua. Hata Nairobi, basi la umeme lina mahali pa kulala na chaja yake. Barabara ya Emali hadi Illasit ina vituo vya petroli, ina wauza petroli ya chupa, ina mafundi wa kila namna, ila sikuona hata mahali pamoja ambapo dereva wa Probox angechomeka gari kwa haraka huku abiria wakinywa chai. Siku kituo cha kuchajia kitakapokuwepo kimoja Kimana na kimoja Loitokitok, nitakuandikia barua nyingine.

Illasit kwenyewe nilifika mlima ukiwa wazi, theluji yote inaonekana, na upepo wa baridi ukishuka. Soko lilikuwa limechangamka: ndizi kutoka upande wa Tarakea, nyanya, maharagwe, vitumbua, Wamasai na Wachaga na Wakamba wakipatana bei kwa Kiswahili cha kila rangi. Steji ya bodaboda ya karibu na mpaka imejaa Boxer na TVS. Ya umeme sikuiona hata moja, na nilipoitaja nilizungukwa kama mgombea wa udiwani.

Hapo ndipo hesabu yako ilipoanguka, Mjomba. Wewe uliandika hivi: pikipiki ya petroli kwa kilomita 80 inakunywa karibu lita mbili, lita moja ilikuwa karibu shilingi 185 mwaka 2025, kwa hiyo ni kama 350 kwa siku. Ya umeme betri yake ya kilowati-saa tatu na kitu inafika kilomita hizohizo, na hata kwa stima ya nyumbani ya shilingi thelathini hivi kwa uniti, ni kama shilingi mia. Tofauti ni 250. Ukazidisha kwa pikipiki tano, ukazidisha kwa siku za mwezi, ukaiita faida.

Ni faida, sawa. Lakini si yako. Anayetia petroli ni dereva! Mwenye pikipiki analetewa hesabu yake jioni, kiasi kilekile, petroli ipande ishuke. Oktoba 2023 petroli ilipofika shilingi 217 Nairobi, wenye pikipiki hawakuumia. Walioumia ni vijana wa steji na abiria wao. Sasa ukileta ya umeme, nafuu yote ya 250 inaingia mfukoni mwa dereva, na wewe unabaki na mashine yenye betri ya bei kali ambayo kila mwaka inapungua nguvu. Siku betri ikichoka, dereva atakurudishia ufunguo kwa heshima na kwenda kutafuta Boxer.

Nililisema hilo pale stejini, na mzee mmoja wa chama chao akanitazama kama mtu aliyechelewa kufika. Akasema basi hesabu ipande. Tulibishana, tukakubaliana kimsingi: kijana anayeokoa mia mbili na hamsini hawezi kukataa kuongeza mia, mradi mia hiyo iwe ya betri na aione ikiwekwa, si ya kununulia mwenye mali simu. Nadhani huo ndio mpango wa pekee wenye akili. Mia ya betri iende kwenye akaunti yake, hesabu ya kawaida ibaki, na salio la petroli liwe la dereva. Atailinda pikipiki kwa sababu inampa chakula zaidi.

Kuhusu kukodi betri, yaani ule mtindo wa kubadilisha: kwa Illasit usahau. Bei ya pikipiki inashuka kwa sababu betri si yako, lakini kampuni nyingi zina uwezo wa kuizima kwa mbali, na betri yao huwezi kuichaji kwako. Bila kituo jirani, umenunua chuma. Nunua yenye betri yako mwenyewe, ambayo inatoka na kuchajiwa kwa plagi ya ukutani.

Na hapa Anti anaingia. Ana duka pale Illasit, ana mita, na duka halilali peke yake. Vijana wa Illasit wengi hawaendi mbali: sokoni, mpakani, shuleni, Rombo, kurudi. Betri moja inawatosha siku nyingi, na jioni wanaweza kuiacha dukani ichajiwe. Nilimwuliza kama angekubali, akasema ndiyo, kwa malipo, na tokeni zinunuliwe kabla, si kwa deni. Alikuwa ameshaamua hata rafu itakapokaa. Tatizo ni stima kupotea, na huko inapotea. Usisahau pia kwamba tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilizima, hadi uwanja wa ndege wa Nairobi. Paneli kadhaa za jua juu ya duka zingesaidia, lakini tusianze na mambo mengi.

Lililonitia wasiwasi zaidi ni mizigo. Gunia la maharagwe ni kilo 90. Illasit kijana anafunga magunia mawili, na juu yake mwenye magunia anakaa. Pikipiki za umeme zilizo sokoni nyingi zimepimwa kwa mzigo wa kilo mia mbili na kidogo, dereva akiwemo. Zinaweza kuvuta zaidi, mota ya umeme ina nguvu tangu inapoanza kusogea, ila betri itakwisha nusu ya safari na fremu italia. Kwa hiyo pikipiki yako iwe ya abiria na vifurushi, magunia yaachiwe Boxer. Dereva lazima akubali hilo mbele ya mashahidi.

Fundi wa pale alinichekesha. Aliniuliza ya umeme ina nini. Nikamwambia haina plagi ya injini, haina kabureta, haina oili ya kubadilisha. Akasema, “Basi mimi nile nini?” Baadaye, akiwa ametulia, aliuliza nani atafundisha watu kufungua kile kisanduku cha kuongozea mota kikiungua, maana kukipeleka Nairobi ni siku mbili bila kazi. Swali hilo muulize muuzaji kabla ya kulipa shilingi moja, na jibu aliandike.

Wenzetu wamechagua njia ya amri. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya abiria haisajiliwi kama si ya umeme. Ethiopia mwaka 2024 ilifunga mlango kwa magari ya petroli na dizeli kutoka nje. Sisi hakuna aliyetulazimisha, na kwa Illasit naona ni afadhali, kwa sababu amri ingefika kabla ya chaja.

Kwa hiyo pendekezo langu: moja. Apewe yule binamu asiye na haraka, si yule mwenye mbwembwe. Aitumie mvua ndefu na kiangazi, tuandike kilomita na tokeni kwenye daftari la Anti, halafu tuamue kuhusu zile nne. Pesa nyingine iache benki huko huko. Ukikubali nijulishe mwisho wa wiki nikaulize bei Industrial Area, nami nitataka kuiendesha kwanza mwenyewe, ikiwa na mtu mzito nyuma.

Wasalimie wote wa chumbani.

Mpwa wako, Kitengela

N.B. Umeuliza kama chaja ukiinunua Doha itafanya kazi hapa. Plagi ni zilezile za pini tatu na volti 240, kwa hiyo ukutani itaingia. Ila kila betri ina chaja yake, na ukikosea volti za betri utaiua. Usinunue chochote hadi nikutumie picha ya kibandiko.