Kindu: ajifunza Linux mwenyewe, arudisha picha zilizofutika
Kijana mmoja wa Kindu anajifunza Linux bila mwalimu. Intaneti ni bei kali, lakini maelezo yamo ndani ya kompyuta: anaandika «man» na jina la chombo, anasoma. Asipojua jina, «apropos» inamtafutia kwa neno.

Chombo alichogundua sasa ni PhotoRec, cha bure, cha Mfaransa Christophe Grenier. Kinapekua kadi ya memori kutafuta picha zilizofutwa. Majina ya faili hayarudi. Picha mara nyingi hurudi.

Kwa familia iliyokimbia vita na simu tu mkononi, hiyo ni sura ya marehemu, ni picha ya diploma.

Ndugu msikilizaji, picha zikifutika, usipige zingine. Toa kadi, iweke. Pakiandikwa kipya, cha zamani hakirudi.