Mama yake yuko wapi?

Jana kliniki nimeulizwa tena, mtoto akiwa mgongoni kwangu, amelala fofofo. Yuko job, sista. Mimi ndiye hubaki naye.

Sheria ya ajira ya 2007 inampa baba likizo ya wiki 2. Mimi niko mwezi wa 14, tangu nifutwe. Wasee wa ploti wakiniona naanika nguo wanasema nimekaliwa chapati. Poa tu, hiyo nilizoea. Siku hizi akikataa uji najua ni meno, si ukaidi.

Kuna kitu sikuzoea. Jumapili alianguka, mamake akamnyooshea mikono. Akampita, akaja kwangu. Mamake alicheka, kisha akaingia bafuni, akafungulia maji. Alikaa huko sana.