Tulivyolizoea Gitaa la Pedali

Wazee walisema: Mzoea punda hapandi farasi. Sisi tulimpanda farasi huyo tukiwa na umri wa miaka 61, wala hatukumpanda kwa kupenda. Wasomaji wapenzi watuwie radhi tukiwasimulia habari za gitaa moja kuukuu. Maana huenda miongoni mwao wamo watu walionyang'anywa kazi waliyoizoea, nao wangependa kusikia jinsi mwenzao alivyohangaika.

Sisi tunaoandika haya ni mwalimu mstaafu wa hapa Bukavu, na kwa miaka zaidi ya 30 tulipiga gitaa katika korali ya parokia. Kupiga kwetu kulikuwa kule kwa zamani, kwa gumba na kidole cha shahada, kama alivyopiga Mwenda Jean Bosco, mtu wa Bunkeya katika Katanga, ambaye Hugh Tracey alizinasa nyimbo zake mwaka 1952 kule Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Gumba hushika sauti nzito, shahada huchezesha wimbo, na mtu mmoja husikika kama wawili. Baba yetu alijifunza hivyo kwa kusikiliza santuri, nasi tukajifunza kwake.

Mwaka 2019, siku ya mvua, pikipiki tuliyopanda iliteleza katika mteremko wa Kadutu, tukauangukia mkono wa kushoto. Mifupa iliunga, lakini kidole cha pete na kidole kidogo vilibaki vimenyooka kama vijiti. Havikunjiki hata leo. Mtu asiyepiga gitaa ataona ni jambo dogo, kwani mkono ungali unashika jembe na kijiko. Lakini mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi, na bila vidole vile sauti hazikamiliki.

Watu walitufariji. Kijana mmoja wa korali alitueleza habari za Django Reinhardt, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910. Mwaka 1928 moto uliviharibu vidole vyake vivyo hivyo viwili vya mkono wa kushoto, naye hata hivyo akawa mpiga gitaa mashuhuri katika Ulaya nzima. Tulimshukuru kijana, tukajaribu miezi mingi. Lakini Django alikuwa na miaka 18 siku ya moto ule, nasi tulikuwa na 57. Vidole vyake vilipata njia, vyetu havikuipata. Basi tukaliweka gitaa nyuma ya kabati, na kila Dominika tukaketi katika mabenchi ya nyuma, tukiimba kwa sauti ndogo. Mama watoto aliona yote, asiseme neno.

Mwaka 2023 mpwa wetu anayekaa Liège alitutumia sanduku zito. Alipopiga simu alisema, “Mjomba, gitaa hili halihitaji vidole vya kubana. Jaribu tu.” Tulifungua, tukakuta kitu kama meza ya kupigia pasi: miguu minne, nyuzi nane juu yake, na chini pedali nne zilizounganishwa na nyuzi hizo kwa waya. Lilikuwa Fender ya aina ya 400, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1957. Kutu ilikuwa imekula bawaba na springi, na waya wa pedali ya pili ulikuwa umekatika.

Tulilipeleka kwa fundi baiskeli huko Kadutu. Aliinama, akachungulia chini yake, akacheka. “Mzee, hii ni breki tu.” Akakata waya wa breki ya baiskeli, akaufunga, akatia mafuta kidogo. Pedali ikavuta.

Tuwaeleze wasomaji jinsi linavyofanya kazi. Gitaa hili halipakatwi, hulala mbele ya mpigaji. Mkono wa kushoto haubani nyuzi, bali hushika kipande cha chuma laini cha mviringo na kukitelezesha juu yake. Ufundi huo ulianzia visiwa vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na jina linalotajwa sana ni la Joseph Kekuku. Baadaye mafundi wa Marekani waliongeza pedali. Ukikanyaga, uzi mmoja au miwili hukazwa na sauti yake hupanda, na nyuzi nyingine hubaki pale pale. Mwaka 1954 wimbo wa Webb Pierce uitwao Slowly, alimopiga Bud Isaacs, ulifanya wapigaji wengi kuitafuta sauti hiyo. Wala si chombo cha wazungu peke yao: kule Nigeria, Demola Adepoju amelipiga gitaa la namna hii katika bendi ya King Sunny Adé.

Kujua hayo yote hakukutusaidia tulipoketi kupiga. Mguu wa kushoto ukae kwenye pedali, mguu wa kulia uongoze ukubwa wa sauti, mkono mmoja uteleze, mwingine udonoe. Tulipokumbuka mguu, tulisahau mkono. Tena gitaa la kawaida hukusamehe: ukibana popote kati ya vichuma viwili, sauti hutoka sawa. Hili halisamehi. Mistari iliyochorwa chini ya nyuzi ni alama tu, na chuma kikipita mstari kwa upana wa punje ya mchele, wimbo umekwisha kuharibika. Wajukuu walikimbilia nje wakisema kwamba paka amebanwa na mlango.

Pamoja na hayo, kwa kiburi cha mtu aliyekwisha kupigiwa makofi, tulilipeleka kanisani siku ya Pentekoste, mwaka 2024. Tuseme kweli: ilikuwa aibu. Korali ilikwenda upande wake, nasi upande wetu. Baada ya Misa wazee wawili walisema kwamba chombo hiki si cha kanisa. Paroko aliwakumbusha kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, huheshimu kinanda cha filimbi lakini huruhusu vyombo vingine pia, mradi vifae kwa ibada na kuwajenga waamini. Tena hapa kwetu Kongo, Missa Luba iliimbwa kwa ngoma huko Kamina mwaka 1958, kabla hata ya Mtaguso. Tulianza kutabasamu. Ndipo akatugeukia sisi: “Lakini, Mwalimu, leo hakikuwasaidia watu kusali. Si kosa la chombo. Nenda ukajifunze.”

Tulikasirika juma zima. Mwishowe tukaona kwamba alisema kweli.

Mwezi wa Februari 2025 wapiganaji wa M23 walipoingia mjini, tulikaa ndani siku nyingi. Umeme ulikatika mara kwa mara, na gitaa hili bila umeme hunong'ona tu. Tuliegemeza sikio karibu na mbao, tukapiga taratibu ili tusisikike barabarani. Mama watoto aliuliza, “Unampigia nani?” Tukamjibu, “Najipigia ili nisikie.” Kumbe ndilo tulilokuwa tumekosa. Tangu siku ya kwanza tulikuwa tukitazama mistari, hatukuwa tukisikiliza. Gizani mistari haionekani, na mkono ukaanza kulifuata sikio.

Tukagundua jambo la pili. Mazoea ya zamani yalitufanya tujaze kila nafasi kwa kudonoa, kama kwamba kimya ni deni la kulipwa. Gitaa hili hutaka udonoe mara moja, uiache sauti iishi, kisha ungoje.

Jambo la tatu lilitushangaza kuliko yote. Nyuma ya kile chuma nyuzi hutetemeka ovyo na kutoa mvumo mbaya. Usiku mmoja tulichoka, tukaacha vile vidole viwili vikavu vilale juu ya nyuzi, nyuma ya chuma. Mvumo ukakoma papo hapo. Tulipomsimulia mpwa wetu kwa simu, alicheka sana. “Mjomba, ndivyo inavyopasa! Wanafunzi wengine huhangaika miezi mingi kuvizoeza vidole hivyo vikae vimenyooka.”

Hatusemi kwamba kuanguka kule kulikuwa kwema. Tungepewa kuchagua, tungechagua vidole vyetu. Tunasema tu kwamba vidole tulivyovihesabu kuwa vimekufa vilikuwa vikingoja kazi nyingine, nasi hatukujua kwa kuwa tulividai kazi ile ile ya zamani.

Dominika ya tarehe 2 Novemba 2025, siku ya Marehemu Wote, tulipiga tena, baada ya Komunyo. Hatukupiga mengi: sauti chache ndefu chini ya wimbo wa korali, na kimya kati yake. Mwaka ule nyumba nyingi zilikuwa na watu wa kuwaombea. Hakuna aliyegeuka kututazama, na tulifurahi kwamba hawakugeuka, kwa sababu walikuwa wakisali. Tulipokuwa tukifungua miguu ya gitaa ili kuondoka, mmoja wa wale wazee wawili alikuja, akaibeba miguu miwili mpaka mlangoni. Alisema neno moja tu: “Dominika ijayo?”

Gitaa la zamani tumelitoa nyuma ya kabati na kumpa mjukuu wetu mkubwa. Hatuwezi kumwonyesha kwa mkono, basi tunamfundisha kwa mdomo: gumba hapa, shahada pale. Hukosea, nasi tunangoja.

Mzoea punda hapandi farasi. Methali ni ya kweli, ndugu wasomaji, ila haikusema habari za mtu ambaye punda amekwisha kumwangusha njiani na nyumbani bado ni mbali. Huyo apande polepole, wala asione haya akichekwa na watoto.